Kushusha Ndai Bila Kuua Injini: Chagua Hivi Kabla Fundi Ashike Grinda

Msee wa Nairobi akipata gari yake ya kwanza, kitu ya kwanza ni muziki. Ya pili ni rimu. Halafu siku moja anasimama kando ya ndai, anaangalia lile pengo kati ya taya na fenda, na anaona vile gari imekaa ka mtu amevaa long'i ya ndugu yake mdogo. Hapo ndio stori ya kushusha inaanza.

Na haitaki muda mrefu. Ukiuliza kwa gereji yoyote ya jua kali kutoka Kibera Drive mpaka Naivasha Road kule Kawangware, utapata fundi mwenye atakuambia, "Boss, hiyo ni kazi ya one hour." Ako na grinda, ako na jeki, na ako na wewe. Chenye hana ni jibu ya kesho, wakati ndai itaanza kugonga, taya iishe upande mmoja, ama sampu ipasuke kwa bampu.

Chanuka kiasi. Vitz, Demio na Note mingi zenye ziko hizi mitaa zetu si za kupiga luku Jumapili. Ziko kwa apu za teksi, zinalipa rent, fees na mkopo wa hiyo hiyo gari. Sampu ikitoboka saa tano usiku na dere asishtuke, mafuta ya injini yanamwagika yote, na akiendelea kukanyaga, injini inanoki. Hiyo si stori ya luku tena, hapo umepoteza kazi. So kabla ukatishe kitu, soma hii yote.

Hii maneno ya kushusha ilitoka wapi?

Sisi tumelelewa na gari za juu. Safari Rally ilianza 1953, na tangu hizo siku ndai zenye tulikuwa tunashangilia ni zile zimeinuliwa, ziko na chuma chini ya tumbo. Hata Subaru Impreza yenye Colin McRae alishinda nayo Safari mwaka wa 1997 ilikuwa imetengenezewa mawe na vumbi, si kulala chini.

Kushusha kumetoka kwingine. Wasee wa asili ya Mexico kule Los Angeles, Marekani, walianza kuweka gari zao chini baada ya Vita Kuu ya Pili. Wengine walikuwa wanaweka mifuko ya mchanga kwa buti ndio gari ilale. California ikaona hiyo ni noma, ikaweka sheria ya kukataza gari yenye mwili wake uko chini kuliko rimu. Mwaka wa 1959 msee anaitwa Ron Aguirre akafunga haidroliki kwa Corvette yake: akiona polisi, anainua; polisi akienda, anashusha. California ililegeza hizo sheria juzi tu, kuanzia Januari 2024. Wajapani nao wakakuja na staili yao, na ju gari zetu mingi zinatoka Japan, hiyo staili ikafika hapa na meli moja na Vitz.

Lakini kuna kitu ya kushangaza. Huku kwetu, wenye gari wengi wanafanya kinyume. Wanaenda kwa fundi kuwekewa spesa za raba kwa springi ndio Demio iinuke kiasi isiguse bampu. So kabla ushushe, jiulize mbona jirani yako amelipa pesa kupanda.

Piga hesabu ya bampu kwanza

Hesabu ni rahisi, na inashinda maneno ya fundi yeyote. Toa tepu, pima kutoka chini mpaka mahali tumbo la gari liko chini kabisa. Pima hapo katikati, kwa sampu na kwa ekzosi, ukiwa umepaki kwa lami iliyonyooka.

Tuseme ni ka-Vitz na umepata sentimita 14.5. Unataka kushusha 4. Umebaki na 10.5. Sasa beba watu wanne na mizigo yao, springi zinakaa chini sentimita kama 3. Umebaki na 7.5.

Bampu ya vitabuni, ile ya mainjinia, iko na urefu wa mita 3.7 na inapanda sentimita 10 polepole. Gari ndogo iko na mita kama 2.5 kutoka taya ya mbele mpaka ya nyuma. So ukiwa katikati ya hiyo bampu, taya zote nne bado ziko juu yake, na tumbo linapoteza tu kama sentimita 4.5. Umebaki na 3. Ukipita pole pole, uko sawa.

Sasa ingia mtaani. Bampu yenye watu wamejijengea na mchanga, mawe na simiti ndio watoto wasigongwe haina kipimo. Inaweza kuwa mita moja upana na sentimita 10 juu. Hiyo yote inaingia kati ya taya za mbele na za nyuma. Toa 10 kwa 7.5. Umekosa sentimita 2.5, na hizo 2.5 zinatolewa kwa ekzosi ama kwa sampu. Hiyo gari kabla ishushwe, na abiria wale wale, ingepita na sentimita 1.5. Umeona? Hata ikiwa vile ilitoka Japan, ilikuwa inapita tu kwa neema.

Na usilaani hiyo bampu. Ilijengwa ju kuna mtoto alikuwa anavuka.

Njia za kushusha, kutoka ile mbaya mpaka ile poa

*1. Kukata springi.* Hii ndio ile ya grinda, na ndio rahisi kuliko zote. Unakumbuka Sheria ya Hooke ya form two? Springi inavutika ama kubonyea kulingana na uzito. Ikiwa na mizunguko 6 na ukate 1, imebaki na 5, na hiyo iliyobaki inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20 hivi. Hapo wasee husema, "Si hiyo ni poa, imekuwa kali." Zii. Shoki yako haijabadilika. Ilitengenezewa springi ya zamani, so haiwezi kutuliza hii mpya, na gari inaanza kurukaruka ka mpira.

Shida ya pili ni hatari zaidi. Springi fupi na shoki ndefu haziendani. Ukipita shimo na taya ianguke chini, springi inalegea kwa kikombe chake. Ikirudi, inaweza kukaa vibaya, na hapo ndio unasikia ile "tang!" Kwa gari zingine springi inaweza kutoka kabisa. Pia mwisho wa springi huwa umetengenezwa ulale flati kwa kikombe. Ukikata, unabaki na ncha imesimama.

*2. Kuchoma springi na gesi.* Fundi anawasha moto, springi inalainika, gari inajishusha yenyewe. Ni ka maajabu, lakini chuma ya springi imepikwa kiwandani ndio ikumbuke kurudi mahali pake. Ukiichoma tena umeifutia hiyo kumbukumbu. Kila upande unashuka tofauti, na inaweza kuvunjika ukiwa kwa spidi. Hii usifanye. Hata bure.

*3. Springi fupi za kiwandani, shoki za zamani.* Hapa tumeanza kuongea. Kampuni kama Eibach, H&R, Tein na RS-R hutengeneza springi za kushusha kwa vipimo, mingi sentimita 2.5 mpaka 4. Zimetengenezwa zikae kwa kikombe hata taya ikining'inia. Ni bei nafuu kuliko koilova. Ubaya ni kwamba shoki ya kawaida sasa inafanya kazi ikiwa imebonyea nusu, karibu na ile raba ya mwisho yenye huzuia chuma kugonga chuma. Ka shoki zako zimeshatembea Japan na zikatembea Ngong Road, jua hazitakaa.

*4. Springi fupi na shoki zake.* Hii ndio watu wengi huruka, na ndio inafaa watu wengi. Unanunua shoki fupi zenye zimetengenezewa springi za kushusha. Bilstein, kwa mfano, wako na B8 ya hiyo kazi. Hakuna kitu ya kuzungusha na hakuna kitu ya kuchezea. Unafunga, unapima, unaendesha. Ka gari ni ya kila siku na unataka ikae vizuri bila drama, anza hapa.

*5. Koilova.* Hapa springi na shoki zimekuja pamoja, na mwili wake uko na nyuzi ka bolti kubwa. Unazungusha, gari inapanda ama inashuka. Nyingi pia ziko na kitufe cha kubadilisha ugumu: BC Racing aina ya BR iko na hatua 30, Tein Flex Z iko na 16.

Uliza swali moja kabla ulipe: urefu unabadilishwa wapi? Kwa zingine unazungusha kikombe cha springi pekee, so ukishusha unapunguza pia nafasi ya shoki kufanya kazi. Kwa zile poa, unazungusha mguu wa chini, na springi pamoja na shoki zinabaki vile zilikuwa. Kwa barabara zetu, hiyo ya pili ndio rieng, ju utashusha bila kupoteza safari ya shoki.

Halafu kuna vumbi. Koilova hupenda lami. Matope ya Kawangware wakati wa mvua yakikauka kwa nyuzi, baada ya miezi kadhaa hakuna spana itazungusha hiyo kitu. Kila ukiosha gari, sugua nyuzi na brashi, kausha, paka grisi ama dawa ya kuzuia kutu.

*6. Mifuko ya hewa.* Unatoa springi, unaweka mifuko ya raba, kompresa na tenki kwa buti. Ukifika kwa bampu unabonyeza, gari inapanda. Ukipaki, inalala. Kwa Nairobi hii ndio ina akili kuliko zote, na pia ndio bei ghali kuliko zote. Paipu ikivuja uko chini kabisa na hakuna kwenda. Ka huna fundi mwenye anaijua, acha.

Gari ikishuka, kuna vitu vingine vinashuka nayo

Wasee wengi wanapiga bajeti ya springi na kazi, wanasahau zingine. Hizi ndio hukula pesa baadaye.

Alainimenti. Ukishusha, mikono ya chini inabadilisha pembe, taya zinaegemea ndani kwa juu na pia zinaangalia mahali si pake. Usipopima, taya mpya inaliwa ndani, mahali huoni mpaka waya zitokee. Subiri springi zikae wiki moja mbili, kisha upimwe kwa mashine, si kwa kamba na macho. Vitz na Demio nyuma ziko na ekseli moja yenye pembe haibadilishwi kirahisi, so hapo usishushe kupita kiasi.

Shafti za mbele. Pembe ikiongezeka, zile raba za kufunika jointi zinapasuka haraka. Vumbi ikiingia, utaanza kusikia "ka-ka-ka" ukikata kona.

Bushi, linki na boljointi. Ka zimechoka, kushusha ni ka kuvalisha mgonjwa suti. Badilisha hizo kwanza. Na kuna wakati msee anafikiria anataka kushusha, kumbe gari inayumba tu ju bushi na shoki zimeisha.

Taa. Ukishusha mbele zaidi ya nyuma, taa zinaangalia chini na huoni mbali. Ukishusha nyuma zaidi, unapofusha kila mtu. Zirekebishwe. Gari zenye taa za zenoni huwa na sensa kwa saspenshoni, hiyo pia isisahaulike.

Sampu gadi. Weka ya chuma, lakini ujue nayo inakula sentimita moja ama mbili. Rudi kwa ile hesabu ya juu.

Ukienda Grogan kununua

Kirinyaga Road unapata kila kitu, na hiyo ndio shida: unapata kila kitu. Koilova za "ex-Japan" ziko, na kuna zenye ni safi kabisa. Ziangalie hivi:

Pitisha kidole kwa ile rodi inayong'aa. Ukipata mafuta ama mikwaruzo, acha. Bonyeza shoki na nguvu mpaka chini. Inafaa kushuka na kurudi polepole bila kukwama na bila kuruka. Zungusha nyuzi ukiwa hapo hapo dukani. Zikikataa kwa kaunta, zitakataa zaidi kwa gereji. Hesabu zote nne na uangalie ka ni za familia moja. Mbele za Legacy na nyuma za Impreza si seti, ni bahati nasibu.

Jihadhari pia na shoki za kujazwa. Hizi ni shoki zimekufa, zikatobolewa, zikawekwa mafuta mpya, zikachomelewa na kupakwa rangi. Zinakaa mpya kwa macho. Tafuta alama ya kuchomelea chini ya rangi. Na boksi yenye jina kubwa si ushahidi. Linganisha namba ya boksi na ile iko kwa shoki yenyewe, na hiyo namba uitafute kwa simu ujue ni ya gari gani.

Bei siwezi kukuambia, ju inabadilika na dola na na vile umevaa. Uliza maduka matatu, na umwache nyumbani yule beste mwenye ako na haraka kuliko wewe.

Maswali matano ya kuuliza fundi

Ongea naye kwa heshima, ju fundi mzuri ni mali. Lakini uliza:

1. Fundi, utashusha sentimita ngapi mbele na ngapi nyuma? (Akisema "tutaona," hepa.)
2. Utatumia kompresa ya springi ama utafungua tu? Springi imebonyezwa iko na nguvu ya kuvunja taya la mtu.
3. Zile bolti za mikono utazikazia gari ikiwa juu ama chini? Jibu ni chini, ikiwa imekalia taya zake. Zikikazwa gari ikining'inia, bushi zinajipinda na kupasuka mapema.
4. Springi zangu za zamani nitarudishiwa? Lazima. Ukitaka kuuza, ama ukichoka na bampu, utazihitaji.
5. Tukimaliza tutaenda kuitesti na abiria? Gari tupu kila mtu anashusha. Ipakie watu wanne, pita bampu ya kwenu, kata stelingi mpaka mwisho kila upande na usikilize taya ikigusa fenda.

Karao, NTSA na bima

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari iwe kwa hali yenye haitahatarisha mtu barabarani. Hiyo sheria hiyo pia inasema gari za umma, za biashara na zozote zimepita miaka 4 tangu zitengenezwe zinafaa kukaguliwa. Springi imekatwa ni kitu mkaguzi anaona na macho tu. Ka ndai yako iko kwa apu ya teksi ama ni matatu, usicheze hapo kabisa.

Bima nayo uiambie. Ni barua moja ama imeili moja kusema umebadilisha saspenshoni. Bima inasimama kwa ukweli wako, na siku ya ajali msee wa kukagua atalala chini ya gari na tochi. Afadhali apate kitu anajua.

So uchukue gani?

Ka gari ni ya kazi, inabeba watu kila siku na inalala ndani ndani ya Kibera ama Gatina: usishushe. Weka shoki mpya, bushi mpya, sampu gadi na rimu safi. Mara nyingi lile pengo linapotea kwa macho rimu zikijaza fenda vizuri.

Ka ni gari yako mwenyewe, njia yako mingi ni lami na unapakia watu wikendi tu: springi fupi na shoki zake, sentimita 2.5, isizidi 3.

Ka ni Subaru ama Golf ya kupenda, una doh ya matunzo na sio ya kununua pekee: koilova za kuzungusha mguu wa chini. Zifunge juu kidogo kuliko vile unaona kwa picha za Japan. Hawa wasee hawana bampu zetu.

Ka doh yenye uko nayo inatosha tu grinda, hiyo doh bado haijafika. Iweke. Pengo la fenda halijawahi kuua mtu, lakini springi ikitoka kwa kikombe chake ukiwa kwa spidi Ngong Road, na matatu iko nyuma yako, hiyo inaweza.